"Nisaidie Kidogo Tu": Msaada wa Bure wa Kodi na Mipaka Yake

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi hapa kwetu Mitunguu, nalo ni kujaza ritani za KRA. Leo hatuulizi kama kodi ni nyingi ama ni kidogo. Tunazungumza juu ya yule mtu anayeingia kwa mhasibu au kwenye saiba, hajulikani pale, ameshika kitambulisho mkononi, na anasema, "Nisaidie kidogo tu, ni swali moja." Tunazungumza pia juu ya yule anayeulizwa.

Katika kazi yetu ya kutembelea vikundi tunasikia malalamiko ya pande zote mbili. Wanaosaidia wanalalamika kwamba watu wasiowajua wanataka kazi ya saa nzima kwa bei ya salamu. Wanaosaidiwa wanalalamika kwamba waliambiwa mambo yameisha, halafu baadaye wakakuta faini. Wote wana haki ya kulalamika, kwa sababu hapa kuna mambo mawili ambayo yanachanganywa. Kumwelekeza mtu ni jambo moja. Kumjazia ritani yake ni jambo lingine. La kwanza laweza kutolewa bure kwa yeyote anayepita njiani. La pili ni kazi, na inataka karatasi, muda na uaminifu. Yakichanganywa, mwenye kuumia ni mwenye PIN.

KWA NINI WANAOULIZA WAMEKUWA WENGI

KRA ilianzishwa tarehe 1 Julai 1995. Wakati huo mtu wa kijijini alisikia habari za kodi ya mapato kwa mwalimu, karani au muuguzi, yaani watu wa mshahara. Siku hizi PIN imefika kila boma. Ukitaka kufungua akaunti ya benki, unaulizwa PIN. Ukinunua pikipiki ya boda boda na kuiandikisha kwa jina lako, unaulizwa PIN. Ukihamisha shamba la mzee kwenda kwa watoto, unaulizwa PIN. Kijana akitafuta kazi ya ofisi, anaulizwa PIN.

Wengi walichukua PIN kwa ajili ya shida ya siku hiyo, kisha wakaisahau. Hawakuelezwa kwamba mtu aliyeandikishwa kwa kodi ya mapato anatakiwa kujaza ritani kila mwaka, hata kama hakupata kitu. Mapato ya kuanzia Januari hadi Desemba hujazwa kabla ya kuisha kwa tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo ritani ya mwaka wa 2024 mwisho wake ulikuwa 30 Juni 2025.

Usipojaza kwa wakati, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa. Faini hiyo ni ya kila mwaka uliorukwa. Aliyekaa miaka mitano bila kujaza aweza kukuta deni la shilingi 10,000, na huenda hata hakuwa na kodi ya kulipa. Hesabu wewe mwenyewe hiyo ni mikungu mingapi ya ndizi kwa bei ya leo.

Jambo la tatu ni kwamba ritani haijazwi tena kwa karatasi. Tangu 2015 kazi hii inafanywa kwenye mtandao wa iTax. Fomu yenyewe ni ya Kiingereza, ina kurasa nyingi, na fomu kamili hujazwa kwa kompyuta. Mama anayejua vizuri sana hesabu ya ndizi zake aweza kushindwa na fomu hiyo, si kwa sababu ni mjinga, bali kwa sababu haikuandikwa kwa lugha yake. Ndiyo maana anatafuta mtu.

WANAOSAIDIA NI AKINA NANI

Tukiangalia vizuri tutaona aina nne za watu.

Wa kwanza ni kijana wa saiba. Yeye ana kompyuta na anajua kubonyeza. Anaweza kufungua iTax, kupakua fomu na kuchapisha risiti. Lakini kujua kubonyeza si kujua sheria ya kodi, kama vile kujua kuendesha gari si kujua kulitengeneza. Wengine wao wamejifunza vizuri sana. Wengine wanajua njia moja tu, nayo ni kujaza sifuri.

Wa pili ni mhasibu, au wakala wa kodi mwenye leseni ya KRA. Huyu amesomea, na sheria inamtambua. Kwenye ukurasa wa iTax kuna mahali pa kuhakikisha kama mtu ni wakala kweli. Huyu anaishi kwa kazi hii, na si haki kumtarajia aifanye bure kwa kila mpita njia.

Wa tatu ni jirani aliyesoma, kama mwalimu, binti aliye chuo kikuu, au mpwa anayefanya kazi ofisini Meru mjini. Huyu anasaidia kwa mapenzi, mara nyingi usiku, kwa simu.

Wa nne ni KRA wenyewe, katika ofisi zao na katika vituo vya Huduma. Hawa hawalipishi, na tutarudi kwao.

Sheria haigawi deni kati ya mwenye PIN na msaidizi. Ritani ikiwa na makosa, KRA inamtafuta mwenye PIN. Kijana wa saiba atakuwa amehamia mji mwingine, na mpwa atasema alifanya kwa nia njema. Nia njema haipunguzi riba, ambayo ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya kodi iliyochelewa.

SWALI MOJA, MAJIBU MATATU

Tuchukue mfano, tuone kwa nini "swali moja tu" laweza kuwa hatari. Kijana anamwuliza mhasibu mlangoni, "Mshahara wangu ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Nina kodi ya kulipa?"

Mhasibu akijibu haraka atasema hapana. Kwa hesabu ya mwaka wa 2024, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka zilitozwa asilimia 10, yaani shilingi 28,800. Kila mkazi alipewa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka, na kwa hiyo kodi ikawa sifuri. Mshahara wa 20,000 ni 240,000 kwa mwaka, uko chini ya hapo. Jibu ni sahihi, na limetolewa bure.

Lakini kijana hakusema kwamba jioni anafanya kazi kwa mwajiri wa pili anayemlipa 18,000. Hakuficha, ila hakuulizwa. Kama kila mwajiri alimpa ile nafuu, hakuna aliyemkata kodi. Lakini kwa sheria nafuu ni moja kwa mtu mmoja. Ukijumlisha, mapato yake ni shilingi 456,000 kwa mwaka. Kabla ya kuondoa makato kama ya NSSF, kodi yake ni hivi: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000, na 68,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 20,400. Jumla ni 74,200. Ondoa nafuu ya 28,800, anabaki na deni la 45,400.

Sasa jaribu jibu la tatu. Kijana yule yule ana mwajiri mmoja tu, lakini mzee wake alimwachia vyumba vya kupangisha hapo sokoni. Kodi ya pango ina utaratibu wake. Tangu Januari 2024 kiwango kimekuwa asilimia 7.5 ya pango lote, kwa mtu ambaye pango lake la mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, na hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba vinane vya shilingi 4,000 ni 32,000 kwa mwezi, na kodi yake ni 2,400 kwa mwezi. Vyumba vinne vya bei hiyo havifikii kiwango.

Mnaona, ndugu zangu? Swali ni lile lile, lakini majibu ni matatu. Mhasibu aliyejibu mlangoni hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa, na swali lenyewe halikuwa kamili. Daktari mzuri hakupi dawa kwa sababu umesema kichwa kinauma. Kwanza anakuuliza, na anakupima.

SIFURI MBILI ZISIZOFANANA

Kosa tunalolisikia zaidi katika vikundi ni hili la kujaza sifuri. Mtu anaambiwa, "Wewe huna kodi, nakujazia ya sifuri haraka haraka, hata usinilipe." Anashukuru, anakwenda.

Ritani ya sifuri ni ya mtu ambaye hakupata mapato yoyote mwaka ule, kwa mfano mwanafunzi, au kijana aliyekaa nyumbani bila kazi. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa shilingi 15,000 kwa mwezi hayumo humo. Yeye ana mapato ya 180,000 kwa mwaka. Kodi yake ni sifuri, lakini mapato yake si sifuri. Anatakiwa kuchukua fomu ya P9 kwa mwajiri na kujaza mapato yale, na mwisho wake fomu itaonyesha kwamba hadaiwi kitu.

Mtu atauliza, "Kama mwisho wake ni sifuri, tofauti ni nini?" Tofauti ni kwamba mwajiri naye anapeleka hesabu ya mishahara KRA kila mwezi, na PIN ya yule mwalimu imo. Kwa hiyo KRA ina karatasi mbili: ya mwajiri inasema alilipwa, ya mwalimu inasema hakupata kitu. Mwalimu amejiandikia uongo bila kujua, na amefanya hivyo kwa sababu alipewa msaada wa bure wa dakika tano. Siku atakapotaka cheti cha kuonyesha amefuata sheria ya kodi, kile kinachoulizwa kwenye kazi nyingi, atakwama.

Ni vivyo hivyo kwa mama anayenunua ndizi mashambani na kuzipeleka Nairobi kwa lori. Msaidizi akimwuliza tu, "Faida yako ni ngapi?" amepotea njia. Biashara ndogo ambayo mauzo yake ya mwaka yamepita shilingi milioni 1 lakini hayakupita milioni 25 hutozwa kodi ya mauzo, na kiwango kilichowekwa Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote. Si ya faida. Mama anayeuza ndizi za 100,000 kwa mwezi amefikisha milioni 1.2 kwa mwaka, na kodi yake ni 3,000 kwa mwezi, hata kama mwezi huo lori liliharibika na faida ikawa kidogo. Aliyejaziwa sifuri kila Juni huku anauza hivyo anakusanya deni asilolijua.

Kama ulijaziwa vibaya, usikate tamaa. iTax inaruhusu kurekebisha ritani uliyokwisha kupeleka. Na kama KRA imekuandikia hesabu usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuipinga kwa maandishi. Usizipoteze siku hizo ukitafuta mtu wa kukusaidia bure.

KWA NINYI MNAOSAIDIA

Tunajua mzigo mnaoubeba hasa wiki ya mwisho ya Juni. Hatusemi mfunge milango. Tunashauri mambo machache.

1. Toa bure kile kinachofanana kwa watu wote. Tarehe ya mwisho, faini ni ngapi, P9 inatoka wapi, karatasi gani za kuleta. Haya yaandike kwa Kiswahili na kwa Kimeru, uyabandike mlangoni. Utapunguza maswali nusu kabla hujafungua.

2. Usijibu swali la mtu mmoja kabla hujaona karatasi zake. Mwambie kwa heshima. Kwa mfano, "Mama, kukueleza ritani ni nini ni bure, keti nikuambie. Lakini nikikuambia unadaiwa ngapi bila kuona daftari lako, nitakuwa nakuhadaa. Lete karatasi siku ya soko tuangalie pamoja." Mama atasikia kwamba umemheshimu.

3. Taja bei kabla ya kuanza. Ugomvi mwingi unatokea kwa sababu mtu alifikiri ni bure, na mwingine alifikiri atalipwa. Ukiamua kufanya bure, sema wazi kwamba ni bure, na useme bure inaishia wapi. Kusema "utaniangalia tu na kitu ya soda" kunaleta uchungu baadaye.

4. Kazi ya bure ifanywe kama ya kulipwa. Ukishaigusa ritani ya mtu, umechukua jukumu. Kama huna muda wa kuifanya vizuri, ni afadhali kusema hapana mapema, na kumwonyesha pa kwenda.

5. Jua mwisho wa ujuzi wako. Ukiona mambo ya kampuni, ya urithi, au barua ya madai kutoka KRA, mpeleke kwa wakala mwenye leseni. Si aibu.

6. Usifungue PIN ya mtu ambaye hayupo. Mgeni akija na kitambulisho cha shangazi au cha mume na kusema ametumwa, mwambie mwenyewe aje, au apige simu mzungumze. Hujui nyumbani kwao kuna kesi gani.

7. Usikubali kuficha. Wako wageni wanaotaka ushauri wa bure wa namna ya kudanganya. Sheria inamhesabu anayesaidia udanganyifu kuwa mkosaji pia.

8. Usimwandikishe mtu kwa barua pepe yako. Jambo hili limewatesa watu wengi. Kijana wa saiba anaona mteja hana barua pepe, anaweka ya saiba. Baada ya mwaka, mteja akisahau neno la siri, ujumbe wa kumsaidia unakwenda kwa saiba ambayo labda imefungwa. Mfungulie barua pepe yake, umwandikie jina na neno la siri kwenye karatasi, aiweke nyumbani pamoja na hati ya shamba. Tena, habari za mtu ni mali yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na si ruhusa kuweka daftari la maneno ya siri ya wateja mezani, kila mtu akiona.

KWA WEWE UNAYEOMBA MSAADA

Kuuliza si ujinga. Lakini kuna namna ya kuuliza.

Kwanza, nenda mapema. Mapato ya mwaka uliopita yanaweza kujazwa kuanzia Januari. Ukifika tarehe 29 Juni, mtandao umejaa, foleni ni ndefu, na mtu mzuri kabisa atafanya kazi mbaya kwa haraka.

Pili, nenda na karatasi. Mwenye mshahara achukue P9. Mwenye biashara achukue daftari la mauzo na la matumizi, na risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inapotea na faini juu yake. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe kwa miaka mitano.

Tatu, sema yote bila kuficha, hata usipoulizwa. Kazi ya pili, vyumba vya kupangisha, pikipiki uliyompa kijana aendeshe. Msaidizi si mchawi wa kujua.

Nne, keti karibu uone. Angalia PIN ni yako, jina ni lako, na mwaka ni ule unaotaka. Wako watu waliojaziwa mwaka mmoja mara mbili na mwingine ukaachwa.

Tano, usiondoke bila risiti ya iTax inayoonyesha ritani imepokelewa. Mtu akisema "iko sawa, nenda tu," mwambie kwa upole kwamba unangoja karatasi.

Sita, pesa ya kodi usimpe mtu mkononi wala usiitume kwa simu yake. Ukiwa na kodi ya kulipa, iTax inatoa namba maalum ya malipo, na unalipa wewe mwenyewe kwa benki au kwa M-Pesa kupitia Paybill ya Serikali, 222222, ukiandika namba ile kama akaunti. Malipo ya msaidizi ni kitu kingine, na yawe mbali.

Saba, mshukuru aliyekusaidia. Kama ni wa kulipwa, mlipe bila kumsumbua. Kama alikusaidia bure, usimtumie kijiji kizima kesho yake ukisema, "Nendeni kwa fulani, yeye hadai kitu."

MSAADA WA BURE ULIO WA HAKI UKO WAPI

Wengi hawajui kwamba msaada wa bure upo, tena wa watu wenye dhamana ya kuutoa. KRA ina ofisi Meru mjini, na kuna vituo vya Huduma Meru, Chuka na Embu. Huko kuchukua PIN ni bure, kusaidiwa kujaza ritani ni bure, na cheti cha kodi ni bure kukiomba. Unatumia nauli tu, na siku moja. Simu ya KRA ni 0711 099 999.

Najua mtu wa Mitunguu atasema nauli ya kwenda Meru na kurudi si kidogo, na siku moja ya kuacha ndizi ni hasara. Ni kweli. Kwa hiyo piga hesabu. Kama mambo yako ni rahisi, mshahara mmoja na P9 moja, kijana mwaminifu wa saiba anatosha. Kama mambo yako yamechanganyika, au umepata barua, nauli ya Meru ni rahisi kuliko makosa.

WENGINE WANAFANYAJE

Si sisi peke yetu tunaohangaika. Huko Marekani, tangu 1969, kuna mpango unaoitwa VITA wa kuwajazia ritani bure watu wa mapato ya chini. Unaendeshwa na watu wa kujitolea katika maktaba, shule na kumbi za jamii, chini ya idara yao ya kodi. Tunautaja kwa sababu ya utaratibu wake, ambao hauhitaji pesa nyingi. Anayetaka kujazia watu ritani lazima afanye mtihani kwanza na afaulu. Mteja huulizwa maswali kwa mpangilio ulioandikwa, hata kama amekuja na "swali moja". Ritani ikiisha, mtu wa pili anaikagua kabla haijapelekwa. Na mambo magumu yaliyo nje ya mafunzo yao hawayagusi, wanamwambia mteja atafute mtaalamu.

Mambo haya yote yawezekana hapa. Vikundi vyetu vya akiba na vya kina mama vimeshazoea kuwa na mweka hazina na mkaguzi, mmoja anaandika na mwingine anaangalia. Jumuiya inaweza kutenga Jumamosi mbili za mwezi wa Machi au Aprili, kabla ya msongamano wa Juni. Wachaguliwe watu wawili au watatu waliosoma hesabu, KRA iombwe kutuma ofisa wa kuwafundisha, na orodha ya karatasi za kuleta itangazwe wiki mbili mbele. Wajaze ritani za mshahara mmoja na zile za sifuri za kweli. Zilizobaki wazipeleke kwa wataalamu. Mgeni akija, asiulizwe ni wa kanisa gani wala ni wa ukoo gani, aulizwe karatasi zake.

Kwa njia hiyo mhasibu wetu atafanya kazi yake kwa amani, kijana wa saiba atajifunza, na mama wa ndizi hatalazimika kumwomba mtu asiyemjua fadhila ambayo yaweza kumgharimu.

Tukumbuke pia kwamba viwango vya kodi hubadilika Bunge linapopitisha sheria mpya ya fedha. Hesabu tulizotoa hapa zina miaka yake, na kabla ya kujaza ya mwaka mwingine, hakikisha KRA viwango vya mwaka huo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wana PIN? Ni wangapi wanajua kama ritani zao za miaka iliyopita zimejazwa, na zilijazwa vipi?

2. Barua pepe na neno la siri la iTax yako viko kwa nani? Ukitaka kuvipata leo jioni, utaweza?

3. Tumewahi kumchosha mtu anayetusaidia bure? Tunaweza kumsaidiaje yeye?

4. Ni nani kati yetu, au kati ya watoto wetu, anayeweza kufundishwa kazi hii? Tutaanza lini?